Duka la kukodi vifaa ambalo kamera hupewi mpaka uonyeshe listi ya shoti (kwa wanaopanga thrila fupi ya chuo)

Wadau, hii ni rivyu ya lile duka la kukodisha vifaa vya kurekodia filamu la Kinondoni, lile la ghorofani juu ya wauza mapazia. Jina naliacha makusudi maana huko mbele nina ya kulalamika na sitaki kesi na mtu, ila wanafunzi wa filamu na midia wa hapa Dar ukiwaelekeza hivyo tu washajua. Nawapa nne kwa tano. Na hiyo nne wala sio ya kamera zao, kamera siku hizi kila kona zipo, ni ya yule kaka wa kaunta ambaye ukifika pale na hela yako mkononi anakuangalia anakuuliza, "Listi ya shoti mnayo?" Huna, anakutolea karatasi, anakuonyesha benchi, kaa ujaze.

Kuna watu nimewasikia wanamsema kwamba anajifanya mwalimu, mtu umekuja kukodi kamera yeye anataka kusoma skripti yako. Mi naona hapo hapo ndo uzuri wa hili duka ulipo na ntaeleza kwa nini.

Kazi yetu ilikuwa thrila ya dakika zisizozidi 8, mradi wa mwisho wa muhula, hela ni ya michango na mchango wenyewe mnaujua ulivyo, wengine wanatoa ahadi. Stori iko hivi. Binti kapanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, sikukuu imefika wenzake wote wamesafiri, kabaki peke yake. LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, inaanza kulia ule mlio wa uniti kuisha, anaupuuzia, umeme unakata. Ananunua uniti kwa simu, meseji ya tokeni inaingia, anatoka na tochi ya simu kuelekea koridoni ilipo rimoti ya LUKU, kile kidude cha vitufe cha kuingizia tokeni. Kabla hajafika anasikia mtu anabonyeza. Ti, ti, ti, ti, kimya kidogo, ti, ti, ti, ti. Namba za tokeni ni 20 na kwenye meseji zinakuja zimekatwa nne nne, kwa hiyo mtu anayeangalia filamu anaanza kuhesabu mwenyewe bila kuambiwa, na binti kasimama gizani anaangalia simu yake ambayo ina tokeni ambayo yeye hajaiingiza. Ikifika ya 20, taa zinawaka.

Sasa na stori kama hiyo mshkaji wetu wa kamera alikuwa keshakomaa, anataka Sony A7S III tu, hataki kusikia kingine, sababu yake ni kwamba sini nyingi ni za usiku na ile kamera inaona gizani. Na kweli inaona, hilo halibishaniwi, sensa yake ina megapikseli 12 tu lakini ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ukiipandisha juu picha haichafuki kirahisi. Bei ya kuikodi pamoja na lenzi yake ndo ilikuwa inakula karibu bajeti yote, inabaki ya soda.

Yule kaka kasoma kurasa zetu saba taratibu, hata simu ikiita hapokei, akafika kwenye ile sini ya rimoti akarudi nyuma akaisoma tena. Halafu akamuuliza mshkaji, "Hapa mtazamaji anaona nini?" Mshkaji akasema anaona binti amesimama gizani. "Na anasikia nini?" Hapo kukawa na kimya cha namna yake. Kaka akasema, "Dada, hii sini yenu hofu yote iko masikioni, mnakuja kunikodi macho."

Akafuta A7S III kwenye karatasi, akaandika Sony A6400, akaandika maiki ya Rode NTG2 na fimbo yake, rekoda ya Zoom H4n Pro, taa mbili ndogo za LED za betri, tripodi moja. Jumla ikatoka chini ya ile kamera peke yake. Kwa biashara ya kawaida hapo mtu kajipunguzia hela mwenyewe, ndo maana nasema wanaomsema wamsemee vizuri.

Nirudi kwenye ile karatasi, maana kwangu hiyo ndo huduma yenyewe na ni bure. Ni fomu ya kuprinti, ina safu za namba ya shoti, sini, ukubwa wa shoti kama ni ya karibu au ya mbali, lenzi, taa inatokea upande gani, na dakika ngapi mtatumia. Mpaka hapo ni kawaida, fomu kama hizo zipo nyingi mtandaoni unashusha tu. Ila hii ina safu moja pana kuliko zote imeandikwa SAUTI, na kaka hapokei fomu ambayo hiyo safu ina sehemu tupu. Hata shoti ya mkono umeshika kitasa anataka umwambie kitasa kinalia vipi, kikavu, kina kutu, kinakwama kwanza ndo kinafunguka, na mtakirekodi saa ngapi. Mwanzo unaona usumbufu, ila ukishajaza kama shoti kumi hivi unaanza kuona filamu yako upya. Sisi palepale kwenye benchi tukagundua kwamba shoti nne za sura ya mtu aliyejificha hazina kazi, kandambili zake kwenye sakafu ya simenti zinatosha, na tena akionekana sura anapungua kutisha. Zikafutwa. Thrila fupi ikishamwonyesha mtu mbaya mapema imebakiwa na nini tena, dakika tano za kukimbizana koridoni?

Na kuna ile hesabu ya muda, hii waliokuwa na mimi wanajua nilivyoipenda. Wengi tunajua ile kanuni ya ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri kuwa kama dakika moja ya filamu. Kaka akasema kanuni hiyo kwenye thrila inadanganya, maana mstari mmoja ukiandika "anatembea koridoni gizani" ni mstari mmoja wa karatasi lakini kwenye filamu unaweza kula sekunde arobaini, na kinyume chake ukurasa uliojaa maongezi ya haraka haraka unaisha kabla ya dakika. Kwa hiyo ye hahesabu kurasa, anahesabu shoti. Kwa wanafunzi wenye taa chache shoti moja mpaka iwe tayari, ijaribiwe, irudiwe, ihame, anakupigia dakika 20 kwa wastani. Mna masaa sita ya usiku mmoja, mna usiku mbili, hayo ni masaa 12, ni shoti 36. Sisi tulikuwa tumeandika zaidi ya 60. Hakugombana na mtu, kaweka kalamu mezani akasema chagueni. Nakwambia hakuna darasa la uandishi linalokata skripti kwa kasi ile.

Kukata kwenyewe kuna ufundi wake na hapa alitusaidia kwa swali moja tu ambalo alilirudia kwenye kila shoti: hapa mtazamaji anajua zaidi ya binti, anajua sawa na binti, au anajua kidogo kuliko binti? Shoti isiyobadilisha jibu inaondoka. Mfano tulikuwa na shoti nzuri sana ya mtaa mzima kutoka juu usiku umeme umekata nyumba moja, mshkaji alitaka kuipiga kwa droni, na droni nayo ina vibali vyake vya TCAA, wale wa mamlaka ya usafiri wa anga, ambavyo hamwendi kuvipata wiki ya mtihani. Ikaulizwa swali, mtazamaji anajua nini kipya? Hamna kitu, ni uzuri tu. Ikaondoka. Ila shoti ya jino la komeo la mlango wa nje likiwa halijaingia sawasawa kwenye tundu lake, ambayo sisi tuliiweka kama ya kuunganishia tu, akaizungushia duara, kwa sababu pale mtazamaji anajua mlango haujafungwa na binti hajui, na kuanzia hapo kila dakika inayopita ina uzito hata kama binti anakula wali maharage tu.

Haya vifaa vyenyewe.

A6400 inatosha kwa mradi wa chuo, inatosha sana, ila ina mambo mawili lazima uyajue kabla hujaibeba. Haina tundu la hedfoni, ina la maiki tu, maana yake ukirekodi sauti ndani ya kamera huwezi kuisikiliza ikiingia. Na haina utulizaji wa mtikisiko ndani ya bodi, sasa ukiishika mkononi na lenzi isiyo na utulizaji wake utapata mtetemeko ambao sio wa kisanaa. Kaka alituambia yote hayo kabla hatujauliza, wapo wengi hawakuambii. Ndo maana akatuwekea rekoda pembeni, sauti inarekodiwa kwenye Zoom, kamera inarekodi sauti ya kulinganishia tu, mnapiga kofi mwanzo wa kila shoti mnakuja kuoanisha wakati wa kuediti. Pia kadi, ukirekodi 4K ya 100Mbps kila dakika moja inakula karibu MB 750, saa nzima GB 45, kwa hiyo kadi ya GB 64 na watu wanaopenda kuacha kamera inarekodi wakati wanabishana haifiki mbali. Ile H4n Pro nayo kadi mwisho GB 32, ukiiwekea kubwa zaidi inaikataa, hilo limeandikwa kwenye karatasi waliyobandika kwenye kiboksi chake, nimependa.

Kitu kingine alichotusetia palepale kaunta ni fremu. Kamera ilikuwa imekaa mfumo wa NTSC, fremu 30 kwa sekunde, akaihamishia PAL, fremu 25, spidi ya shata 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa 50Hz, ukipiga 1/60 chini ya zile balbu na tyubu za majumbani unaweza ukaona picha inapepesa, mistari inapanda na kushuka, na kwenye kioo kidogo cha kamera huioni mpaka ufike kwenye laptopu umechelewa. Filamu ngapi za wanafunzi zina hiyo kitu na mtu anasema ni efekti.

NTG2 ndo nyota wa ile kazi. Ni maiki ya fimbo, inachukua sauti ya mbele kuliko ya pembeni, inaenda kwa umeme wa rekoda au betri moja ya AA. Lakini maiki haifanyi muujiza, lazima iwe karibu, sisi tulikaa nusu mita kutoka mdomoni au pungufu, fimbo juu ya kichwa nje kidogo ya fremu, na mwenye fimbo awe mtu mwenye mabega sio yule mnayempa kwa sababu hana kazi nyingine. Rekoda ikae 48kHz, 24-bit, sauti ikicheza kama -12 dB hivi, ukiipandisha ikagonga juu imepasuka na haiponi tena.

Ile rimoti ya LUKU tuliirekodi peke yake, hakuna kamera, hakuna mwigizaji, usiku umepoa, feni imezimwa na friji imechomolewa. Maiki tukaisogeza karibu kabisa na vitufe. Ukiisikia hivyo kwenye hedfoni unagundua kwamba kabla ya ule mlio wa kitufe kuna kisauti kingine, kama plastiki inabonyea, kidogo sana, na baada yake kidole kinaachia. Masikio ya kawaida hayakisikii. Wakati wa kuediti tukaanza na hicho kisauti tu bila mlio, mtazamaji hajui ni nini, kimerudiwa mara nne kikanyamaza, halafu awamu ya pili ndo mlio unaingia. Darasani watu waligeuka kuangalia mlangoni. Hiyo ni maiki na rekoda vya kukodi, gharama yake ni sehemu ndogo tu ya ile kamera tuliyokuwa tunaililia.

Na usisahau kurekodi ukimya wa kila chumba, sekunde 30 mpaka dakika, watu wote wametulia hakuna anayekohoa. Chumba kitupu hakijawahi kuwa kimya kweli, kina mvumo wake, na ukikata shoti moja na nyingine bila kuweka huo mvumo chini kila mkato unasikika kama redio inazimwa na kuwashwa. Hiki kitu kwenye fomu ya kaka kipo, mstari wa mwisho wa kila sini.

Taa niseme kidogo tu. Giza la kwenye filamu linatengenezwa kwa taa, sio kwa kukosa taa, ukipiga gizani kweli unapata uji wa kijivu wenye chenga. Taa moja ilikaa nje ya dirisha ikipitia pazia kama mwanga wa taa ya jirani, ya pili ndogo ndani imegongeshwa kwenye dari ikiwa imefifishwa kabisa, halafu tochi ya simu ya binti ikafanya kazi iliyobaki, na yeye mwenyewe alikuwa anaielekeza kwenye ukuta mweupe ili imrudie usoni. Za betri zilitusaidia maana stori inataka umeme ukatike na TANESCO nao wakati mwingine wanataka kushiriki. Halafu zile shoti za nje za jioni kabla giza halijaingia zipangeni kwa dakika, sio kwa masaa. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama saa kumi na mbili na kitu ule mwanga wa bluu unakaa kama dakika ishirini tu umeisha, hatuna zile jioni ndefu za Ulaya unazoziona kwenye video za mafunzo ambapo jamaa wanakunywa kahawa kwanza. Kwenye ile hesabu yetu ya dakika 20 kwa shoti hiyo ni shoti moja. Moja! Mkitaka mbili, njooni kesho yake.

Ratiba yenyewe tulipanga kwa uelekeo wa taa badala ya mtiririko wa stori, yaani shoti zote ambazo taa iko dirishani zinapigwa kwanza hata kama moja ni ya mwanzo wa filamu na nyingine ni ya mwisho, halafu ndo taa inahama. Hapo inabidi mtu mmoja kazi yake iwe kupiga picha kwa simu kila shoti ikiisha, nywele zilikaaje, khanga kaifunga upande gani, simu iko mkono gani. Bila hivyo binti anaingia koridoni na kandambili anatokea upande wa pili pekupeku.

Sasa malalamiko, maana nilisema yapo.

La kwanza, ofa yao. Wana bei ya wikiendi, unachukua Ijumaa jioni unarudisha Jumatatu asubuhi unalipia pungufu, na wanafunzi wote wanaikimbilia. Lakini fikiria, wikiendi hapa Dar ndo kuna kigodoro, ndo kuna sherehe, ndo baa ya jirani inaongeza spika. Unapewa maiki nzuri katika siku ambazo haifai kuitumia. Tuliwaomba bei hiyohiyo kwa siku za katikati ya wiki ikabidi kubembeleza mpaka kaka akampigia bosi wake, na bosi akakubali kwa sababu katikati ya wiki vifaa vinakaa tu. Sasa kama vinakaa tu si muiweke hiyo ofa ijulikane? Kwa mtu anayepiga thrila nyumbani Jumatatu na Jumanne usiku ni dhahabu, unachosubiri ni adhana ya isha iishe na bodaboda wa pale kona waondoke.

La pili, hedfoni. Walizotupa upande mmoja haukuwa unasikika, tukazirudisha wakatupa nyingine ambazo sponji yake imeisha inaacha unga mweusi masikioni. Duka linalohubiri sauti kiasi kile linakodisha hedfoni kama za basi la mkoani kweli? Beba zako.

La tatu, kichwa cha tripodi. Kina tabia ya kukwama kidogo ukianza kugeuza kamera kisha kinaachia ghafla, ukiwa unafanya shoti ya kugeuka taratibu kutoka kwa binti kwenda mlangoni kile kimruko kinaua kila kitu. Kijaribu palepale dukani, funga kamera, geuza polepole kabisa, kikiruka omba kingine, wanavyo vizuri viwili ila vinaenda kwa wanaopiga harusi kwanza. Hili la harusi kwanza lina ukakasi wake ila ndo biashara, bwana harusi anarudi na hela, sisi tunarudi na barua ya chuo.

Barua ya chuo yenyewe lazima, pamoja na kitambulisho cha NIDA cha mtu mmoja kinabaki pale, pamoja na mdhamini ambaye wanampigia simu mbele yako. Sina shida na hilo, vitu ni vya gharama. Shida yangu ni faini ya kuchelewa inayohesabiwa kwa saa bila huruma ya foleni, na risiti ya mkono ambayo haiorodheshi hali ya kifaa. Piga picha kila kitu kabla hujashuka ngazi, kioo cha lenzi mbele na nyuma, namba za bodi, waya zote, idadi ya betri, mbele ya macho yao. Hawakasiriki, wamezoea.

Vibali sio kazi yao na hawajifanyi kuvijua, hilo nimelipenda, ila kaka alituuliza. Kurekodi filamu Tanzania kuna kibali cha Bodi ya Filamu, hata ukiwa mwanafunzi ulizia kwanza utaratibu wako ukoje kupitia chuo, usisubiri wiki ya kupiga. Na huku mtaani barua au hata kwenda tu kuongea na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe inaokoa mengi, hasa kama kuna mtu wenu anazunguka usiku kavaa kofia ya kuficha uso na ana kisu cha kuigiza. Kwenye thrila hili sio la utani, majirani hawajui kama mnaigiza, na mwizi wa kuigiza anaweza kupigwa kipigo cha kweli. Kama kuna bunduki ya bandia polisi nao wajulishwe. Sisi majirani waliambiwa mapema, mama mmoja akaishia kutuletea chai na kutaka kujua mwisho wa stori.

Kuediti tulitumia programu ya DaVinci Resolve ya bure, inatoa mpaka 4K na ndani yake ina sehemu nzima ya sauti, kwa mradi wa chuo hujaona ukuta wake. Laptopu ya RAM 8 inalia, tengeneza faili nyepesi za kueditia kwanza ndo uanze, la sivyo utakata tamaa kwenye dakika ya kwanza. Duka wana kompyuta ya kukodi kwa saa pia ila ghali, sijaitumia.

Nani asiende pale? Mwenye haraka. Ukitaka mtu akupokee hela akupe begi uondoke, pale utaboreka, kuna maduka mengine Kariakoo na Sinza yatakuhudumia kwa dakika tano na hayatakuuliza filamu inahusu nini. Pia kama kazi yako ni video ya muziki au harusi sijui kama ile fomu itakusaidia. Ila kama ni filamu fupi na hasa thrila, na mkishamaliza mna ndoto ya kuituma ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, kama kila mwanafunzi wa filamu ukanda huu, nenda na skripti iliyoprintiwa, sio ya kwenye simu, maana kaka anapenda kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu na ile karatasi yenye wino wake utakuja kuibeba mpaka lokesheni.

Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi, mapema kabla ya saa tano, Ijumaa mchana usithubutu utakuta foleni ya wapiga harusi mpaka kwenye ngazi. Simu hawapokei, tuma meseji ya WhatsApp wanajibu jioni. Na betri za AA nunua huko utokako, za maiki na za rekoda, weka na za akiba, maana hawakupi na kioski cha pale chini wanajua unatoka ghorofani kwa hiyo bei yake ni ya ghorofani.